Tengku wa Fridley

Aida alinipigia simu nikiwa Duluth, kwenye jiko la hoteli ninakofanya kazi siku hizi, akaniambia kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba mama yake amefariki alfajiri na atazikwa baada ya adhuhuri. Barabara ilikuwa imefungwa kwa theluji. Nilifika Fridley siku ya tatu, maziko yameshapita, nikakuta viatu vimejaa mlangoni na sauti za wanawake wanaomaliza kisomo. Nilivua vyangu, nikasimama katika kile kikorido chembamba, na kabla sijampa mtu mkono wa pole niliinama nikagusa wavu wa chuma ulio sakafuni, ule unaopitisha hewa ya moto kutoka chini. Ulikuwa na joto. Mama mmoja wa Kisomali aliyekuwa karibu alidhani nimeangusha kitu, akainama kunisaidia kutafuta.

Nimeishi katika vyumba vingi kuliko miaka yangu. Shule niliiacha kidato cha pili, na si kwa kukosa ada. Nilishindwa tu kukaa mahali pamoja nikiambiwa mambo yaliyo mbali bila kwenda kuyaona. Tangu hapo nimekuwa mtu wa begi moja. Nikikumbuka vyumba vyangu vyote, vingi vimeungana na kuwa chumba kimoja chenye pazia la rangi ya chai. Kile cha Fridley hakikuungana na kingine. Nilikipanga mwaka nilipotimiza miaka thelathini na mmoja, kwa Mzee Idris na mkewe, wazazi wa Aida, Wamalay waliokuwa wamekaa Minnesota miaka arobaini. Kilikuwa chini ya nyumba, nusu yake ndani ya ardhi, dirisha lake moja likitazama mizizi ya kichaka. Nyuma ya kitanda palikuwa na tanuri la kupashia nyumba joto, na kutoka kwenye tanuri lilipanda bomba la bati hadi jikoni kwao. Hewa ilipanda kwa bomba hilo. Maneno yao yalishuka.

Wiki ya kwanza nilidhani wana mgeni. Kila asubuhi nilisikia sauti ya Mzee Idris, sauti ya chini, yenye kuinama, kama ya mtu anayesema na mkubwa aliyeketi juu yake, kisha sauti ya mwanamke ikimjibu kwa wepesi, wakati mwingine kwa kicheko. Sikujua Kimalay. Lakini unyenyekevu hauhitaji mkalimani. Nikamuuliza mzee kwa Kiingereza siku moja akikoroga uji wa asubuhi: mgeni gani huyu asiyeondoka? Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Hakuna mgeni, Cik Misi," akasema. Jina langu ni Mwanahamisi. Yeye alilikata, akaliongezea hilo Cik, la heshima kwa mwanamke asiye na mume. "Naongea na mke wangu."

Ndivyo nilivyoanza kujua. Mkewe alikuwa Tengku Salmah, na Tengku si jina bali ni cheo. Huzaliwa nacho mtoto aliyetoka ukoo wa sultani. Baba yake aliwahi kuwa Pemangku, yaani mtu anayekalia kiti cha enzi kwa niaba ya mwenyewe, kwa miezi kumi na mmoja, sultani wao alipokuwa mgonjwa. Idris alikuwa mtoto wa mpishi wa jumba, kisha akawa dereva aliyempeleka binti huyo shuleni. Kwao, mtu wa kawaida akisema na mtu wa ukoo ule hatumii maneno ya kila siku. Kula kuna neno lake la jumba, kulala lake, kuoga lake, hata kufa. Tena hujiita kwa neno lenye maana ya mtumwa. Dereva akamwoa binti, wakakimbilia nchi ya baridi, akafanya kazi ya kutengeneza mabasi ya shule hadi alipostaafu, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia mkewe "njoo ule" kwa neno la kawaida. Mkewe alimwita Abang, yaani kaka, kama wake wa kwao wanavyowaita waume. Yeye alimwita Tengku. Mezani, mkewe alikaa kwenye kiti. Yeye alivuta kile kigoda chao cha kukunia nazi, ambacho nilipokiona mara ya kwanza nilipiga kelele, kwa kuwa kilikuwa mbuzi wetu kabisa, meno ya chuma na yote, akakikalia ili kichwa chake kiwe chini ya kichwa cha mkewe.

Rukia, rafiki yangu wa kiwandani nilikofanya kazi wakati ule, mtu wa Mji wa Kale aliyekuwa akikaa Brooklyn Park, alikuwa akini-pick kila asubuhi kwa gari lake. Nilimsimulia.

"Ati nani?"

"Tengku. Sema binti wa mfalme."

"Binti wa mfalme anakaa Fridley? Ana-shovel snow mwenyewe?"

"La, mumewe ndiye ana-shovel."

Rukia akafikiri mpaka taa ikawa kijani. "Basi huyo kweli ni binti wa mfalme," akasema.

Mwaka ule ninauona kama mtu anavyoona kitu kilicho chini ya maji, karibu na bado hukifikii. Jumapili, kazi ikiwa hakuna, nilikuwa nikipanda jikoni kwao, na Mzee Idris alinifundisha vyeo kwa kupanga makopo mezani. Kopo la chumvi lilikuwa Sultani. Manjano alikuwa Raja Muda, atakayerithi. Bizari alikuwa Bendahara, mkubwa wa mawaziri. Pilipili alikuwa Temenggung, mwenye askari na lango. Dagaa wakavu walikuwa Laksamana, mwenye bahari. Kisha akatoa chumvi, akaweka sukari mahali pake. "Huyu ndiye Pemangku," akasema. "Anakaa, anasalimiwa, anatia muhuri. Lakini usimtie kwenye mchuzi." Nilimwambia kwetu pwani nilisikia wazee wakitaja Mwinyi na Diwani na Jumbe, nani alivaa viatu mbele ya nani, nani alipigiwa pembe ya siwa. Alitaka kujua kila kitu, na mimi sikujua vya kutosha, nikaona haya. Nilikuwa nimezunguka dunia nikichungulia madirisha ya watu, langu sijalifungua.

Aida, binti yao wa pekee, alikuwa muuguzi, naye alikuja na chakula cha dukani ambacho hakuna aliyekila. Alielewa Kimalay lakini alijibu kwa Kiingereza. Cheo cha mama hakikumfikia, kwa sababu kwao cheo hushuka kwa baba. "Mimi ni Aida tu," aliniambia siku moja tukisuuza vyombo. "Mama ana jina refu, likaishia kwake kama barabara inavyoishia ziwani." Hakusema kwa uchungu. Kilichomuuma ni baba yake na kile kigoda. "Nilikuwa na miaka saba, marafiki wakaja kula. Wakauliza kwa nini baba yangu anakaa chini kama mtoto aliyeadhibiwa. Ningewaambia nini?"

Tengku Salmah mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mizuri, aliyependa michezo ya bahati kwenye televisheni. Ungemkuta kwenye foleni ya duka usimjue. Ila alikuwa na jambo moja. Mwezi wa pili, baridi ikiwa imekaza kiasi kwamba vigogo vya miti vilipasuka kwa mlio, tulikwenda kumzika jirani yao Mpakistani, na pale makaburini waliwasha moto wa gesi juu ya ardhi mchana kutwa ndipo mashine ikaweza kuchimba. Tuliporudi hakuvua koti. Alikaa juu ya wavu wa joto, akaniambia habari za mama yake, aliyekufa yeye akiwa na miaka tisa. Mama alilala mlimani, kwenye makaburi ya ukoo, chini ya paa, vigae vyeupe, kitambaa cha manjano juu. Salmah alikuwa akitoroka mchana kwenda kulala pale, shavu kwenye vigae, vilivyo baridi ya kupendeza, si baridi ya kuua. Ubavuni mwa mama palibaki nafasi, na kila mtu alijua ni ya Salmah. Alipoolewa na dereva, kaka yake alipanda maua pale.

"Sikumlaumu," akasema. "Lakini nilidhani nitaizoea ardhi ya hapa. Sikuizoea."

Usiku nilisikia kwa bomba kwamba Mzee Idris hakulala. Nilisikia kikombe, kiti, kikombe.

Kiangazi kilipofika aliniita gereji. Alikuwa ameandika barua. Mzee yule alikuwa akitoka nje ya nyumba kama mtu mpana, akicheka na kila jirani, lakini pale mbele ya karatasi alionekana mdogo. Iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama bibi zetu walivyoandika Kiswahili, na kwa kuwa nilikaa chuo cha Kurani zaidi kuliko nilivyokaa shule, niliweza kuitamka mstari kwa mstari bila kuielewa. Alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Nilipofikia neno moja nililolijua nikasimama, nikamtazama.

"Ni kaburi," akakubali. Kaka wa mkewe sasa ndiye aliyekuwa Pemangku, sultani mpya akiwa bado kijana na yuko ng'ambo kwa masomo. Barua ilimwomba amrudishie dada yake nafasi ile mlimani.

"Mwenyewe ameomba?"

"Mtu wa daraja lake haombi. Anaombewa."

"Na wewe? Wataruhusu ulale pale?"

Alipangusa mikono kwa tambara lenye mafuta ya gari, ingawa mikono ilikuwa safi. "Cik Misi, mtu wa kawaida huzikwa anapoangukia. Huo ndio uhuru wetu." Kisha akasema polepole zaidi kwamba alimtoa kwenye nyumba yenye vyumba arobaini akamleta kwenye vitatu, na hakuwahi kupata cha kumrudishia isipokuwa heshima. Sasa alikuwa na miaka sabini na minne, macho yanafifia, na alitaka kumrudisha alikomtoa kabla hajashindwa kuandika. Akaniomba niitie posta, nisimwambie mkewe. Nikaahidi. Nimefikiri sana kuhusu ahadi ile. Nilipenda kuwa ndani ya jambo la watu wakubwa, hiyo ndiyo kweli yake, na nikaiachia barua kwenye sanduku la posta bila kujiuliza kama Tengku Salmah angetaka kurudishwa kama kitu kilichoazimwa.

Jibu lilikuja na mtu. Desemba, binamu wa Tengku Salmah, Tengku Mansor, alifika mjini kutibiwa macho, na akatuma salamu kwamba ana ujumbe wa Pemangku. Nyumba ikageuka. Mzee Idris alipika wali wa manjano kwa siku mbili, akalaumu tui la kopo, akakuna nazi mbili za duka la Wavietnamu, akasema nazo zimekufa zamani. Mimi nilitumwa hotelini kumchukua mgeni kwa gari la Aida. Alikuwa mzee mdogo ndani ya koti kubwa, alikaa nyuma akatazama theluji na safu za nyumba zinazofanana, akauliza kwa Kiingereza cha kusoma kwa Waingereza, "Ipi ni yao?"

"Ile yenye pikapu iliyokufa mbele, tuan," nikasema, neno lao la bwana.

Alitazama. "Aa," akasema.

Sebuleni walimkalisha kwenye kochi, Tengku Salmah kwenye kiti cha mikono. Mzee Idris alitandika mkeka karibu na mlango, akakunja miguu, akaunganisha viganja akavipandisha hadi kwenye paji la uso. Tengku Mansor aliipokea salamu ile kama mtu anavyopokea mlango uliofunguliwa. Hakumtazama. Mimi na Aida tulisimama kwenye mlango wa jikoni na sinia, naye akanitafsiria kwa kunong'ona, midomo yake karibu na sikio langu, kwa hiyo mpaka leo mazungumzo yale nayakumbuka kwa pumzi ya Aida.

Waliulizana hali. Walitaja waliokufa. Kisha mgeni akaweka kikombe, akanyoosha mgongo, na sauti ikabadilika.

"Anasema Pemangku ametoa ruhusa," Aida akanong'ona. "Maua yameshang'olewa. Nafasi ya ubavuni mwa bibi yangu ni ya mama." Akasikiliza tena. "Anasema barua ilikuwa nzuri. Imeandikwa kwa maneno ambayo jumbani hakuna anayeyajua tena."

Tengku Salmah aligeuka. Alimtazama mtu aliyekaa kwenye mkeka, na mtu yule akatazama mkeka. Nilikaza macho kwenye sinia. Sijui kama alinitazama na mimi. Sikuthubutu kuinua uso.

"Na mume wangu?" akauliza.

Mgeni akajibu bila ubaya wowote. Kuna makaburi mazuri ya watu wote chini ya mlima. Si mbali. Mtu mwenye miguu mizima hupanda kwa robo saa.

"Waliokufa hawana miguu," akasema Tengku Salmah.

"Ndiyo desturi, Salmah. Hata Pemangku hana uwezo nayo."

"Najua. Anakalia kiti cha mtoto. Baba alikalia kiti cha mgonjwa, akawa anarudi nyumbani jioni kusema mgongo unamuuma kwa kuogopa kuegemea." Kisha akamgeukia mumewe. "Abang, wewe unatakaje?"

Mzee Idris alijibu akiwa ameinama, na Aida alichelewa kutafsiri. "Anasema mtumwa hana anachotaka. Anasema atafuata atakaloamuru Tengku." Akajifuta pua kwa mkono wa sweta. "Miaka yote hiyo, kila siku, hilo tu."

Nje lilipita gari la kukwangua theluji, taa zake zikazunguka ukutani, zikaondoka. Nilikuwa namtazama Tengku Salmah na nikaona anafikiria mlima, nina hakika, kwa sababu mkono wake ulikuwa shavuni, umetulia kama shavu kwenye kigae. Alikaa hivyo muda ambao chai ingepoa. Alikuwa akiutaka ule mlima. Sitaki mtu asomaye hapa adhani aliuacha kwa wepesi.

Kisha akashusha mkono. "Basi naamuru," akasema. Akatumia neno ambalo Aida hakulijua, na ambalo lilimfanya Tengku Mansor ageuke ghafla. Baadaye niliambiwa ni neno la amri ya kiti cha enzi, ambalo hata yeye hakuwa na haki nalo. "Inuka ukae hapa." Akahama kutoka kwenye kiti chake akakaa mwisho wa kochi, akapiga kiganja kwenye nafasi iliyobaki, kati yake na mgeni.

Mzee Idris akatikisa kichwa.

"Anasema hawezi," Aida akanong'ona.

"Magoti?"

"Si magoti."

Hata mimi nisiye na vyeo niliona alivyonaswa. Akikataa, amemvunjia mtu wa ukoo ule neno lake. Akitii, amekaa usawa na watu wawili ambao baba yake aliwapikia bila kuwatazama usoni. Alizijua kanuni zile kuliko wote waliokuwamo, na hapakuwa na kanuni ya kumtoa hapo.

"Abang," akasema Tengku Salmah, na sauti yake ikawa ya jikoni, ile niliyoizoea kwa bomba. "Miaka arobaini umenitii kwa kila jambo nisilokuamuru. Leo nakuamuru moja. Mimi nitazikwa utakapozikwa. Na kabla ya kulala ubavuni mwako milele nataka nijue unakaaje."

Mzee Idris alianza na mkono mmoja sakafuni. Aida alitaka kumkimbilia, mama akainua kiganja, akabaki mlangoni. Goti la kwanza, kimya kirefu, goti la pili. Alivuka zulia lile dogo kama mtu anayevuka barafu ya ziwa mwezi wa nne, inapoanza kuyeyuka, akageuka, akakaa. Alikaa ukingoni kabisa. Tengku Mansor alisogea kidogo kumpa nafasi. Sijui kama alifanya kwa heshima au kwa kuogopa kuguswa, ila alisogea. Wote watatu wakawa wanatazama televisheni iliyozimwa. Mimi nikaingia na wali, kwa kuwa ilibidi mtu afanye kitu.

Nilipomrudisha hotelini, Tengku Mansor aliinama mbele kwenye kiti changu tulipovuka mto. "Nitamwambia Pemangku dada yake ni mgonjwa, hawezi kusafiri," akasema. Nikamuuliza kwa nini asiseme kweli. Akavua miwani, akabonyeza macho yake mabovu kwa vidole. "Kwa sababu akijua inawezekana kuuacha mlima kwa ajili ya mtu," akasema, "atamkumbuka mtu fulani." Hakumtaja, na mimi, mdadisi wa kuzaliwa, mara ile moja sikuuliza.

Nilirudi Fridley karibu saa kumi na moja jioni, giza la Desemba limeshaingia. Aida alikuwa nje akikwangua kioo cha gari la jirani ili asiwe ndani. Niliingia kwa mlango wa mbele. Sebule haikuwa na taa. Mwanga wa theluji tu ulitoka dirishani, wa buluu, na wawili wale walikuwa bado kwenye kochi, sinia la wali mbele yao halijaondolewa. Mzee Idris alikuwa amenyooka, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Nikanyoosha mkono kwenye swichi.

"Usiwashe," Tengku Salmah akasema taratibu. "Wala usimsemeshe. Ukimsemesha atasimama."